Mzee anapiga Tanga, inapokelewa Mombasa: mipangilio ya Motorola V3 ya kukunja

Swali: Asalaam aleykum fundi. Mimi naishi Chumbageni, Tanga mjini. Baba yangu yuko Moa, wilaya ya Mkinga. Umri umekwenda, na simu ya tachi hataki hata kuisikia. Kaka alimletea kutoka Marekani Motorola V3 ya kukunja, rangi ya fedha, imeandikwa Cingular. Laini inashika vizuri. Shida ni kwamba mara nyingine akinipigia anapokea mama mmoja wa Mombasa, na salio linaisha hajui limekwendaje. Menyu ya pesa leo inafunguka, kesho inagoma. Kengele ya alfajiri inalia mchana. Simu ikiita mara nyingi hasikii, na akisoma ujumbe kioo kinamzimikia. Juzi mjukuu kaichezea, sasa inadai namba ya kufungulia. Je, simu imechoka nimtafutie nyingine, au kuna pa kurekebisha?

Waaleykum salaam, dada. Simu ya mzee haijachoka, usiingie gharama bado. Karibu yote uliyoandika ni mipangilio, na yale mawili makubwa, mama wa Mombasa na salio linaloyeyuka, ni ugonjwa mmoja. Hata menyu ya pesa imo humohumo. Mzee anaishi Moa, na simu yake inahamia Kenya yeye akiwa amekaa barazani kwake.

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kilomita 65 tu za lami, na ukivuka mpaka uko Lunga Lunga. Mawimbi ya simu hayasimami forodhani kugongewa muhuri. Pwani yote ile ni tambarare, na juu ya maji hakuna cha kuyazuia, kwa hiyo kuna pembe za nyumba ambazo mnara wa Kenya unasikika kuliko wa kwetu. Kila laini ya simu imebeba namba ya nchi yake: Tanzania ni 640, Kenya ni 639. V3 ikiwa imeachwa kwenye "Automatic", hushika kwanza mtandao wa laini yake. Mtandao huo ukipotea, hata kwa dakika chache mzee akiwa chumba cha ndani, simu inatafuta mwingine wowote utakaoipokea, na inaupata.

Watu wengi hudhani kwamba mzee akitoka nje, mnara wa kwetu ukasikika tena, simu itarudi nyumbani yenyewe. Kwa kawaida hairudi. Kanuni za GSM, mfumo unaotumiwa na simu hizi, zinaitaka simu iliyo ugenini iwe inautafuta mtandao wake kila baada ya muda pale inapokuwa kwenye mtandao mwingine wa nchi ileile. Ikishashika mtandao wa nchi nyingine, haina wajibu huo. Itakaa hukohuko mpaka mawimbi ya Kenya yapotee, au mtu aizime na kuiwasha. Mzee yeye anaona vijiti vyote vimejaa kwenye kioo, anajua mambo ni shwari.

Sasa namba yako. Wewe umejihifadhi kwenye simu yake kwa namba inayoanza na 07, kama tunavyofanya wote. Kenya nako namba za simu ni tarakimu 10, na nyingi zinaanza na 07. Simu ikiwa kwenye mtandao wa Kenya, mtandao huo hauna sababu ya kudhani unapiga Tanzania. Unaisoma ile namba kama ya kwao na kuipeleka kwa mwenyewe. Yule mama hana kosa lolote. Ana namba ileile yako, tarakimu kwa tarakimu, ila yake mbele ina 254 na yako ina 255. Na kwa kuwa mzee yuko ugenini kimtandao, simu hiyo inakatwa kwa bei ya ugenini. Bando alilojiunga la kupiga ndani ya nchi halimsaidii kitu kule. Salio lake limekwenda huko.

Menyu ya pesa ndiyo iliyonihakikishia kwamba sikosei. Namba fupi zinazoanza na nyota zimegawanywa na kanuni za GSM zenyewe. Zilizo kati ya 100 na 149 hurudishwa kwenye mtandao wa nyumbani popote ulipo. Zilizo kati ya 150 na 199 huachiwa mtandao unaoutumia kwa wakati huo. Menyu zetu za pesa zote zimeanzia hapo pa pili: *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money, *150*88# ya Halopesa. Mzee akiwa kwenye mnara wa Kenya, anachoandika kinapokelewa na mtandao wa Kenya, ambao haujui hiyo ni nini. Akirudi kwenye mnara wa kwetu inafunguka. Nyie mkadhani simu ina majini.

Dawa ni mbili, na zote zifanywe.

Ya kwanza, ondoa "Automatic". Fungua simu, bonyeza kitufe cha menyu cha katikati, nenda "Settings", shuka mpaka "Network", kisha "Network Setup", chagua "Manual" na umchagulie mtandao wa laini yake. Kuanzia hapo, mnara wa kwetu ukipotea simu itabaki haina mtandao, basi. Mzee atalalamika kwamba chumbani haishiki. Mwambie atoke barazani. Afadhali akose mtandao kwa muda kuliko kulipia wa jirani. Kwa dharura bado 112 inapigika kupitia mnara wowote unaosikika, hilo halifungwi na mpangilio huu. Ukipenda uhakika zaidi, piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wake uombe wamfungie matumizi ya nje ya nchi. Mtu asiyevuka mpaka hana haja nayo.

Kujua simu iko wapi ni rahisi: ikifunguliwa, jina la mtandao huonekana kwenye kioo kikubwa. Mfundishe kuangalia hapo kabla ya kupiga. Kama hasomi herufi ndogo, mfundishe umbo la jina la mtandao wake, herufi ya kwanza tu inatosha.

Ya pili, namba zote ndani ya simu zianze na +255. Katika V3 unaweka alama ya kujumlisha kwa kubonyeza na kushikilia sifuri mpaka itokee. Kisha 255, kisha namba bila ile sifuri ya mbele. Ukiwa na 0712, inakuwa +255712. Gharama ya kupiga ukiwa hapa ndani haibadiliki hata senti. Na siku yoyote simu ikiponyoka ikashika mtandao wa ng'ambo, simu yake itakufikia wewe Chumbageni badala ya kwenda Mombasa. Kama ana ndugu Pemba au Unguja, wao pia ni +255, usichanganye. Na kama ana jamaa Vanga au Mombasa kweli, wao waandikie +254 tangu sasa, maana mkishamfunga kwenye mtandao wa Tanzania, ile 07 ya jamaa wa Vanga itakuja kuita kwa mtu wa Dodoma.

Hilo limekwisha. Twende kwenye ile namba ya kufungulia.

Kioo kinasema nini hasa? Soma neno kwa neno, kwa sababu V3 ina kufuli zaidi ya moja na kila moja ina ufunguo wake. Ikisema "Enter Unlock Code", hiyo ni kufuli ya simu yenyewe. Jaribu 1234, ndiyo inayotoka nayo kiwandani. Ikikataa, jaribu tarakimu nne za mwisho za namba ya laini. Zote zikikataa, ukiwa bado kwenye kioo hichohicho bonyeza kitufe cha menyu. Simu itakubadilishia swali na kuomba namba ya usalama ya tarakimu sita. Hiyo kiwandani ni 000000. Kama hakuna aliyewahi kuibadilisha, mlango utafunguka. Ukishaingia, nenda "Settings", "Security", "Phone Lock", na uzime "Automatic Lock". Simu ya mzee wa Moa haina siri ya kufungiwa.

Ikisema "Enter SIM PIN", simama. Hiyo ni kufuli ya laini, haihusiani na Motorola. Mtu ana nafasi tatu. Akikosea zote tatu, laini inadai PUK, yaani namba kuu ya kuifungulia laini, na PUK ikikosewa mara kumi laini inakufa moja kwa moja. Kuifufua ni lazima mzee mwenyewe apelekwe kwa wakala na kidole chake, kwa sababu tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA haina nafasi Tanzania. Kumtoa mzee Moa kwa ajili ya mchezo wa mtoto si jambo. PUK imeandikwa kwenye kile kipande cha plastiki laini ilipotoka, na kama kimepotea, mtandao utakutajia wakishahakiki mwenye laini.

Ipo kufuli ya tatu, ile inayoomba "Subsidy Password". Simu nyingi za Cingular zilifungwa hivyo zisikubali laini ya kampuni nyingine. Ya kwenu umesema laini inashika, maana yake aliyemuuzia kaka alishaifungua. Shukuruni hilo. Na mshukuruni kaka kwa jingine, labda bila kujua: alichukua V3 yenye nafasi ya laini chini ya betri. Marekani ziliuzwa ndugu zake wanaofanana nayo sana, V3c na V3m, ambazo ni za mfumo wa CDMA, hazina pa kuweka laini kabisa. Wanaoletewa hizo huku hubaki na kioo cha kujitazamia tu. V3 yenyewe, iliyotangazwa mwaka 2004, inashika masafa manne ya GSM: 850 na 1900 ya kule, 900 na 1800 ya huku kwetu. AT&T, waliokuja kumiliki Cingular, walizima mtandao wao wa 2G, ule wa zamani ambao simu hii inautegemea, tarehe 1 Januari 2017, kwa hiyo kule simu hii haina kazi tena. Kwetu 2G ipo, na ndiyo inayobeba vitochi vingi.

Halafu tahadhari moja ukiwa humo kwenye menyu. Chini ya "Initial Setup" kuna maneno mawili yanayofanana: "Master Reset" na "Master Clear". La kwanza linarudisha mipangilio ya kiwandani na kuacha majina. La pili linafuta kila kitu ulichoingiza, majina yakiwemo. Mjukuu asipite huko.

Mzee kutosikia simu ikiita kunaweza kuwa na sababu mbili. Angalia kwanza "Ring Styles" ndani ya "Settings". Iweke "Vibe & Ring", ili ilie na kutetemeka kwa pamoja; mfukoni mwa shati atahisi hata kama masikio yamekuwa mazito. Ya pili ni vile vitufe vya sauti vilivyo ubavuni. Simu ikisuguana na funguo au tumbaku mfukoni, vitufe vinabonyezeka na mlio unashuka taratibu bila mtu kujua. Hakuna kinga nzuri ya hilo zaidi ya kumzoeza kupandisha sauti kila asubuhi. Mfuko mgumu wa ngozi ungesaidia, lakini wazee wengi hawaupendi.

Sauti ya kusikilizia ni kitu kingine kabisa. Hiyo hupandishwa wakati wa mazungumzo, kwa vitufe hivyohivyo, mtu akiwa upande wa pili anaongea. Ukipandisha simu ikiwa imetulia unapandisha mlio, siyo sauti ya sikioni. Mpigie, mwambie abonyeze cha juu mpaka mwisho ukiwa unamhesabia moja mbili tatu. Na umwonyeshe tundu la sauti lilipo, juu kabisa ya kioo. Simu hii ni pana, inakaa vibaya kwenye sikio la mtu aliyezoea kitochi. Wengi hulisukuma tundu juu ya sikio kisha wanasema simu haina sauti. Ikishindikana, katikati ya mazungumzo kuna kitufe chini ya neno "Speaker". Mtaa mzima utasikia habari zenu, lakini mtaelewana.

Sasa kifuniko, ambacho kwangu ndicho kinachofanya simu hii imfae mzee kuliko kitochi chochote kipya utakachonunua. Nenda "Settings", "In-Call Setup", "Answer Options", washa "Open to Answer". Kuanzia hapo hana kitufe cha kutafuta: simu inalia, anafunua, anasema haloo. Akimaliza anafunika, imekatika. Hakuna kusahau kukata, hakuna simu kujipigia mfukoni. Kioo kidogo cha nje kitamwonyesha jina la anayepiga kabla hajafunua, kwa hiyo asiyetaka kuongea naye asimfunulie. Mzee mwenye vidole vya kuvuta nyavu, vitufe vya bati vya V3 vitamsumbua, vimekaa bapa mno na havijitofautishi kwa kugusa. Ndiyo maana nasema mpunguzie kubonyeza kadiri inavyowezekana.

Kupiga nako kupunguzwe. Kila jina ndani ya simu lina kitu kinaitwa "Speed No.". Ukilipa jina lako namba 2, mzee anashikilia kitufe cha 2 kwa sekunde moja na simu inapiga. Mpe 3 kaka, 4 jirani mwenye pikipiki, 5 duka la dawa. Usimjazie zote tisa, hatazikumbuka. Majina haya yahifadhi kwenye simu, usiyaweke kwenye laini, kwa sababu jina lililo kwenye simu linaweza kupewa mlio wake, na lililo kwenye laini haliwezi. Akisikia mlio wako anajua ni mwanangu wa Tanga hata kabla ya kutafuta miwani. Ubaya wake ni kwamba simu ikifa majina yanakufa nayo, kwa hiyo yaandike yote kwenye karatasi, na karatasi ikae ndani ya nyumba.

Kengele ya alfajiri imenichekesha kidogo. Inalia saa tano asubuhi, sivyo? Aliyeiweka alisikia mzee anataka saa kumi na moja, akaandika 11:00. Simu haihesabu saa kuanzia macheo kama sisi. Saa kumi na moja alfajiri kwake ni 05:00. Ingia "Office Tools", "Alarm Clock", ubadilishe. Uhakikishe pia saa yenyewe iko kwenye mfumo wa saa 24, usije ukaiweka 5:00 ya jioni ikamwamsha wakati wa kwenda kununua samaki. Wapo wanaorudisha saa ya simu nyuma kwa saa sita ili isomeke kama tunavyosema. Inawezekana, na kwa mzee anayetumia simu kama saa ya mfukoni si wazo baya. Ila ujumbe unaoingia hubeba saa ya mtandao, kwa hiyo ujumbe wa pesa utaandikwa saa tofauti na ile iliyo kwenye kioo. Kukiwa na ubishi na wakala, hiyo ni vurugu. Mimi ningeiacha saa ya kawaida.

Kuhusu kioo kumzimikia akisoma: "Settings", "Initial Setup", kuna "Backlight" na "Display Timeout". Vyote viwili vipeleke kwenye muda mrefu kuliko yote. Betri italiwa zaidi, lakini mzee anayesoma kwa kutaja herufi moja moja anahitaji taa isubiri.

Ujumbe hukuuliza, ila nadhani atataka kuandika. Simu hii ina mfumo wa kubahatisha maneno unaoitwa iTAP, na kamusi yake ni ya Kizungu. Ukiandika Kiswahili unakuletea vioja. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuandikia, fungua menyu, "Entry Setup", na chaguo la kwanza liwe "Tap Method". Halafu kaa naye dakika chache aandike maneno mawili tu. "Kaka" ni jepesi: 5 mara mbili, 2 mara moja, 5 mara mbili, 2 mara moja; vitufe vinapishana, haina haja ya kusubiri. "Baba" ndilo gumu, kwa sababu herufi zote nne ziko kwenye 2. Akibonyeza mfululizo herufi zitageuka badala ya kufuatana. Lazima abonyeze mara mbili, asubiri kile kijistari kinachomemeta kisogee, abonyeze mara moja, asubiri tena. Asiyetaka kusubiri asukume kitufe cha mviringo kulia. Akilishika neno hilo, mengine yote yatamtii.

Na wewe ukimwandikia, usimwekee vikaragosi. Kwake vitaonekana vijisanduku vitupu, na zaidi ya hapo vinakula nafasi: ujumbe wa herufi za kawaida unachukua 160, ukitia kikaragosi kimoja tu unabaki na 70, na uliokuwa mmoja unakatwa vipande viwili au vitatu kwa gharama yako.

Pesa. Menyu yake ihifadhi kama jina, uandike "Pesa" na namba iwe *150*00# au ya mtandao wake, na uipe "Speed No." pia. Menyu hizi hukatika zenyewe mtu akichelewa kujibu, na mzee atachelewa. Kila hatua unayomwondolea ni nafuu. Ila ajue kwamba kwenye simu hizi namba ya siri huonekana kwenye kioo waziwazi anapoiandika, haifichwi kwa vinyota. Kioo cha V3 kinang'aa, anayesimama nyuma yake kwenye kibanda anaisoma bila taabu. Ageuke aegemee ukuta. Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" utamfikia, kama ulivyotufikia sote. Mwambie wewe pesa humwombi kwa ujumbe hata siku moja, utampigia aisikie sauti yako. Ujumbe wa kitapeli unaweza kutumwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040.

Kwa kuwa simu imetoka nje, hakiki na uhalali wake. Bonyeza *#06#, andika zile tarakimu 15, zitume kwa ujumbe kwenda 15090, na utajibiwa ni simu gani. Jibu likitaja Motorola V3, usingizi mwema. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima kwa kupitia namba hizo, na soko la V3 bandia lilikuwa kubwa enzi zake.

Nimalizie na betri, maana hapo ndipo simu hizi zinapofia. Betri yake inaitwa BR50. Itoe uiweke juu ya kioo cha meza, uizungushe kwa kidole. Ikigoma na kusugua, iko sawa. Ikizunguka kama pia, imevimba; itupe mbali na watoto, usiitoboe, na usimwachie mzee alale nayo kichwani. Za kununua ni nyingi na nyingine ni jina tu, kwa hiyo nunua kwa mtu atakayekuruhusu kuirudisha baada ya kuichaji usiku mmoja.

Chaja yake ni ya tundu la mini-USB, lile nene, siyo jembamba lililokuja baadaye. V3 huchagua chaja. Ukichomeka ya kubahatisha inaweza kuandika "Unauthorized Charger" na kukaa vilevile, na kwenye kompyuta nayo hugoma mara nyingi. Chaja iliyotoka Marekani isome mgongoni: ikiandikwa 100–240V inafaa umeme wetu wa 230, unahitaji tu kichwa cha kubadilishia pini. Ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke. Kwa Moa ninaogopa zaidi chumvi ya hewani. Tundu la chaja na zile pini za betri hushika ukungu wa kijani. Kila baada ya muda toa betri, sugua pini kwa kitambaa kilichoguswa spiriti kidogo, acha pakauke, rudisha. Usitumie sindano wala kisu.

Usipoteze muda na intaneti ya simu hii. Mipangilio ya Cingular iliyomo haiunganishi huku, na hiyo ni heri, kwa sababu mzee akibonyeza kitufe cha intaneti kwa bahati mbaya hakuna kitakachokatwa. WhatsApp haiingii humo. Kamera ni ya kupigia ushahidi tu. Bluetooth izime.

Dalili ya kwamba sasa imekufa kweli ni moja: kioo cha ndani kikianza kuwaka simu ikiwa nusu wazi na kuzima ikifunuliwa kabisa. Huo ni utepe wa nyaya unaopita kwenye bawaba, umekatika kwa kukunjwa. Unabadilishwa, lakini kazi yake ni ndefu na kifaa hakipatikani kirahisi Tanga siku hizi. Ukifika hapo ndipo umtafutie nyingine, na uchague tena ya kukunja. Laini yake ukiikuta imeshakatwa ndogo, usitupe kile kifremu chake, V3 inataka laini kubwa ya zamani na bila kifremu haitakaa.